Mabara matano, sita au saba: uchague hesabu ipi?

Wapagazi na waongoza watalii wa Moshi wanawafahamu vizuri wapandaji wa "vilele saba", yaani watu wanaozunguka dunia kupanda mlima mrefu kuliko yote katika kila bara. Kwa Afrika hakuna ubishi: ni Kilimanjaro, mita 5,895. Ubishi uko kwingine. Kwa Ulaya, ni Elbrus wa Urusi wenye mita 5,642, au ni Mont Blanc wa milima ya Alpi, unaozidi kidogo mita 4,800? Kwa Australia, ni Kosciuszko wa mita 2,228, ambao mtu mwenye afya ya kawaida huupanda na kushuka siku hiyo hiyo, au ni Puncak Jaya wa mita 4,884, ulioko kisiwa cha Guinea Mpya upande wa Indonesia? Dick Bass wa Marekani, aliyekuwa wa kwanza kukamilisha vilele saba mwaka 1985, alipanda Kosciuszko. Reinhold Messner, mpanda milima wa Italia, alishikilia kwamba orodha ya kweli ni ile yenye Puncak Jaya, na mwaka 1986 Pat Morrow wa Kanada akawa wa kwanza kuimaliza hiyo. Siku hizi wapo wanaopanda yote miwili ili asitokee mtu wa kuwapinga, kwa hiyo saba yao ni nane.

Hawa hawabishani juu ya vipimo vya milima. Wanabishana bara linaishia wapi, na hakuna chombo chochote duniani chenye mamlaka ya kuwaamua. Sayari zilipigiwa kura: mwaka 2006, mjini Prague, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiondoa Pluto kwenye orodha. Mipaka ya bahari nayo ina Shirika la Kimataifa la Haidrografia. Mabara hayana mwenyewe. Kila mfumo wa shule, kila shirikisho la michezo na kila ofisi ya takwimu imejichagulia hesabu yake, na wewe unayetunga mtihani, unayetafsiri kitabu, unayeandaa chemsha bongo au unayepanga taarifa za wateja kwa mabara unaachwa njia panda.

## Maswali manne kabla ya kuchagua

Nimechukua hesabu tano zinazotumika zaidi, na kila moja nitaiuliza maswali yale yale. Inapima nini hasa: maji, mwamba, mazoea au uanachama? Inakata wapi pale ambapo hakuna bahari ya kukata, kama milima ya Ural, Suez na Panama? Visiwa inavipeleka wapi? Na inamfaa nani, inamwangusha nani?

Swali la kwanza ndilo zito. Ukishajua unapima nini, idadi hujitokeza yenyewe. Mabishano mengi ya mabara ni ya watu wawili waliopima vitu viwili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake alikuwa mtoro wa kipindi cha jiografia.

## Saba: hesabu ya shule zetu

Afrika, Asia, Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Australia na Antaktika. Hivi ndivyo wanavyofundishwa watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, na vilevile wa Uingereza, Marekani, India na China.

Inapima nini. Inapima vitu vitatu kwa mpigo, bila kusema. Australia na Antaktika zimepata nafasi kwa sababu zimezungukwa na maji. Afrika na Amerika mbili zimetengwa kwenye shingo nyembamba za nchi kavu, Suez na Panama. Ulaya haina bahari wala shingo upande wake wa mashariki. Ina mazoea ya zaidi ya miaka elfu mbili.

Inakata wapi. Mazoea hayo yalianza na mabaharia wa Kigiriki. Kwao ilikuwa rahisi: ukitoka bahari ya Aegea kuelekea Bahari Nyeusi, pwani ya kushoto ni Ulaya, ya kulia ni Asia. Kusini, ng'ambo ya Mediteranea, kulikuwa na Libya, jina waliloiita Afrika. Shida ilianza walipotaka kujua pwani hizo zinaachana wapi huko ndani, mbali na maji ya chumvi. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba haelewi kwa nini ardhi iliyo moja imepewa majina matatu, tena ya wanawake, wala nani aliyeiwekea mipaka. Waliotumia mto Nile kuwa mpaka walikuwa wanaipasua Misri vipande viwili, na hilo alilidhihaki.

Upande wa Ulaya, mto Don ulishika kazi ya mpaka kwa karne nyingi. Kisha akaja Philip Johan von Strahlenberg, ofisa wa jeshi la Uswidi aliyetekwa na Warusi baada ya vita vya Poltava vya mwaka 1709 na kukaa miaka mingi Siberia. Mwaka 1730 alichapisha kitabu kilichousogeza mpaka mashariki hadi milima ya Ural. Vasily Tatishchev wa Urusi alidai wazo lilikuwa lake. Liwe la nani, liliipendeza dola ya Urusi, ambayo wakati huo ilitaka ihesabiwe miongoni mwa wakubwa wa Ulaya huku Siberia ikibaki kuwa milki yake ya Asia. Milima yenyewe si ukuta wa kutisha: Narodnaya, kilele chake kirefu kuliko vyote, hakifiki mita 1,900.

Kusini mwa Ural mpaka unazidi kulegea. Wanaofuata mgongo wa milima ya Kaukazi wanaupata Elbrus upande wa Ulaya, kwa kuwa uko kaskazini kidogo ya mgongo huo. Wanaofuata bonde la Kuma na Manych, lililo kaskazini zaidi, wanauacha Asia, na taji linakwenda Mont Blanc.

Visiwa. Kisiwa hupewa bara la jirani, ila ujirani wenyewe una upendeleo. Socotra iko karibu zaidi na Pembe ya Afrika kuliko pwani ya Yemen, lakini kwa kuwa ni mali ya Yemen huhesabiwa Asia. Nyuzilandi ndiyo inayoonewa zaidi: bara la saba likiitwa Australia, haina pa kulala. Ndiyo sababu vitabu vingine huandika Oshania badala ya Australia, na hapo bara linageuka kuwa eneo la bahari lenye maelfu ya visiwa.

Inamfaa nani. Mwanafunzi mwenye mtihani, mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani, na yeyote anayeandikia wasomaji wa Afrika Mashariki bila nia ya kufungua mjadala. Inamwangusha mwalimu atakayeulizwa na mtoto mwerevu kwa nini Ulaya ni bara na India siyo. India ina Himalaya mgongoni, ukuta wa kweli kuliko Ural, na bado inaitwa bara dogo. Jibu la kweli ni kwamba waliochora ramani waliishi Ulaya, na sioni ubaya wa kumwambia mtoto hivyo.

## Amerika moja: sita, au matano ya Olimpiki

Inapima nini. Mazoea tena, ila mazoea ya watu wengine. Martin Waldseemüller alipochapisha ramani yake mwaka 1507 na kuandika jina America, kutokana na Amerigo Vespucci, aliitaja sehemu moja tu ya nchi ngeni, na baadaye jina likaenea kote, kaskazini na kusini. Amerika ya Kilatini, Uhispania, Ureno, Italia na Ugiriki wameendelea kulihesabu kuwa bara moja: Afrika, Amerika, Asia, Ulaya, Oshania na Antaktika. Sita. Ondoa Antaktika, ambayo haina wenyeji wa kudumu, unabaki na tano, na hizo ndizo pete za Olimpiki alizozichora Pierre de Coubertin, mwanzilishi wa Olimpiki za kisasa, mwaka 1913 na bendera yake ikapepea kwenye michezo ya Antwerp mwaka 1920. (Hakuna pete iliyotengewa bara fulani, ingawa utawasikia watu wakiapa kwamba nyeusi ni yetu.)

Inakata wapi. Panama haikatwi, na hoja yao ina uzito. Hadi mwaka 1903 Panama ilikuwa sehemu ya Kolombia. Anayeweka mpaka wa mabara pale anatumia mstari ambao juzi tu ulikuwa wa ndani ya nchi moja. Lakini swali linawarudia: kama shingo ya Panama haitoshi kutenga mabara mawili, kwa nini ya Suez inatosha?

Visiwa. Hapa hesabu hii inapumua. Karibi yote ni Amerika, Greenland ni Amerika, na Nyuzilandi, Fiji na Samoa ni Oshania.

Inamfaa nani. Mwandishi wa habari za Olimpiki, na mfasiri wa Kihispania au Kireno. Ukikuta kwenye maandishi ya Meksiko kwamba mabara yanayokaliwa ni matano, usiisahihishe kuwa sita, mwandishi hakukosea. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Bujumbura au Lubumbashi huenda naye amezoea Amerika moja, kwa hiyo ukiandaa kitu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, ongeza sentensi moja ya maelezo. Inamwangusha mtu wa uchumi au biashara, kwa sababu kuiweka Kanada na Bolivia kapu moja hakumwambii kitu.

## Yurasia: hesabu ya ramani isiyo na majina

Inapima nini. Umbo la nchi kavu tu. Chukua ramani, futa majina yote, kisha hesabu vipande vikubwa, ukikubali kukata kwenye shingo nyembamba. Utapata Yurasia, Afrika, Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kusini, Australia na Antaktika. Ni sita, lakini si sita zile za Buenos Aires.

Urusi imelishughulikia jambo hili kwa namna ninayoiona ya busara kuliko wengine wote. Mwanafunzi wa Kirusi hufundishwa orodha mbili zenye majina mawili tofauti. Moja ni ya vipande vya nchi kavu, ambamo Ulaya na Asia ni kitu kimoja na Amerika ni mbili. Nyingine ni ya "sehemu za dunia", ambamo Ulaya na Asia zinaachana na Amerika ni moja. Zote zina sita. Japani nao wana orodha ya vipande sita vya nchi kavu yenye Yurasia, na nyingine ya kanda. Mtoto anakua akijua kwamba umbo la ardhi ni jambo moja na historia ya watu ni jambo jingine.

Inakata wapi. Suez na Panama tu. Ukikataa hata kukata kwenye shingo, kwa hoja kwamba mifereji ya mwaka 1869 na 1914 ilichimbwa na watu, unabaki na mabara manne: Afrika pamoja na Yurasia, Amerika, Australia na Antaktika. Hiyo ndiyo hesabu yenye msimamo mmoja kuliko zote, na pia ndiyo inayotumika kidogo kuliko zote. Hata hivyo ina mwiko wake usiosemwa. Kwa nini Australia ni bara na Greenland ni kisiwa? Australia ina kilomita za mraba zipatazo milioni 7.7, Greenland milioni 2.2. Kati yao hakuna kipande kingine, basi watu wakaweka mstari katikati ya pengo hilo. Hakuna kanuni iliyotangulia.

Visiwa. Inaviacha majini. Kisiwa si sehemu ya kipande cha nchi kavu, kwa hiyo ukishika kanuni bila huruma Zanzibar haimo katika bara lolote. Warusi huviingiza kwenye ile orodha ya pili.

Inamfaa nani. Anayefuatilia vitu vinavyotembea kwa miguu: mbegu, mifugo, magonjwa, misafara ya biashara. Ngano na farasi havikuona mpaka kwenye Ural. Inamwangusha mtu wa takwimu za watu, maana kapu la Yurasia peke yake lina takriban theluthi mbili ya wanadamu wote, na wastani wake hauwakilishi mtu yeyote.

## Mwamba: hesabu ya wanajiolojia

Inapima nini. Ganda la dunia lililo chini ya miguu yetu. Kuna njia mbili hapa, na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni ya mabamba. Mwanasayansi wa Ujerumani Alfred Wegener alitoa hoja mwaka 1912 kwamba mabara husogea, akapuuzwa, na ni katika miaka ya 1960 ushahidi wa sakafu ya bahari ulipothibitisha kwamba ganda la dunia limegawanyika mabamba yanayoachana na kugongana. Watu wengi hudhani bamba moja ni bara moja. Sivyo. India ina bamba lake, na Himalaya ni matokeo ya kulisukuma bamba la Yurasia. Uarabuni una bamba lake, lililoachana na Afrika Bahari ya Shamu ilipofunguka, kwa hiyo kwa hesabu hii Muscat haiko Asia wala Afrika. Upande wa mashariki kabisa wa Siberia uko juu ya bamba la Amerika ya Kaskazini. Iceland imekatwa katikati.

Nasi hatukusalimika. Bonde la Ufa ni mahali ambapo bamba la Afrika linapasuka: Dar es Salaam, Mombasa na Mogadishu ziko juu ya bamba la Somalia, Kinshasa juu ya bamba la Nubia, na katikati ya mikono miwili ya bonde, penye Mwanza na Kampala, kuna bamba dogo la Victoria. Mwendo wake ni milimita chache kwa mwaka, kwa hiyo usiamini vichwa vya habari vinavyosema Afrika inagawanyika kesho. Lakini mara mojamoja ardhi hukurupuka. Septemba 2005 huko Afar, Ethiopia, ufa wa takriban kilomita 60 ulifunguka katika muda mfupi, mahali pengine kwa upana wa hadi mita 8. Mtu anayetumia mabamba kuhesabu mabara lazima akubali kwamba Tanzania na Kenya ziko kwenye mabara zaidi ya moja.

Njia ya pili ni ya aina ya mwamba. Ganda la chini ya bahari ni jembamba, kilomita 7 hivi, la mawe mazito ya basalti. Ganda la bara ni nene, kilomita 30 hadi 50, lenye mawe mepesi zaidi ya jamii ya graniti, kama majabali yanayosimama ndani ya ziwa pale Mwanza. Mwaka 2017 mwanajiolojia Nick Mortimer na wenzake walitumia kipimo hiki kudai kwamba Nyuzilandi na Kaledonia Mpya ni ncha za bara zima lililozama, Zealandia. Walitaja masharti manne: liwe juu ya sakafu ya bahari inayolizunguka, liwe na mchanganyiko wa miamba ya bara, ganda lake liwe nene kuliko la bahari, na liwe na mipaka inayoonekana kuzunguka eneo kubwa la kutosha. Zealandia ina kilomita za mraba milioni 4.9, na asilimia 94 yake iko chini ya maji. Hili la "eneo kubwa la kutosha" ni lile lile la Greenland limerudi kwa mlango wa nyuma.

Inakata wapi. Ural, kwa mwanajiolojia, ni kovu la mgongano wa kale uliokwisha, si mpaka unaofanya kazi. Ulaya haipo.

Visiwa. Hapa hakuna hesabu inayoizidi. Mahé na Praslin za Shelisheli ni graniti, vipande vya bara la kale vilivyosahaulika katikati ya bahari India ilipojitenga navyo na kuelekea kaskazini. Ngazidja ya Komoro, yenye volkano ya Karthala, imetoka chini ya bahari kwa moto, na kwa kipimo cha mwamba ni kisiwa cha bahari. Unguja ilikuwa imeshikana na nchi kavu ya Tanganyika wakati wa barafu kuu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, kwa sababu mkondo wake ni wa kina kifupi. Pemba imetengwa na maji marefu.

Inamfaa nani. Mwanafunzi wa jiolojia, mtafiti wa madini au matetemeko, na mtu yeyote anayetaka kuelewa kwa nini milima iko pale ilipo. Kwa kila mtu mwingine ni elimu nzuri na orodha mbovu.

## Kanda za taasisi: hesabu ya fomu na mashindano

Inapima nini. Uanachama. Nchi iko pale ilipoandikishwa.

Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ina orodha ya kanda iitwayo M49: Afrika, Amerika, Asia, Ulaya na Oshania, huku Antaktika ikisimama peke yake. Idara yenyewe inasema mgawanyo huo ni kwa urahisi wa takwimu tu. Ndani yake Urusi nzima, hadi Vladivostok, ni Ulaya ya Mashariki. Uturuki nzima, pamoja na nusu ya Istanbul iliyo Ulaya, ni Asia ya Magharibi. Misri nzima, pamoja na Sinai, ni Afrika ya Kaskazini. Nchi haikatwi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Soka lina mashirikisho sita. CONCACAF ya kaskazini na CONMEBOL ya kusini zinagawana Amerika, lakini Guyana na Suriname, zilizo Amerika ya Kusini kwa ramani yoyote, huchezea CONCACAF. Australia ilihama Oshania kwenda Asia mwaka 2006, na mwaka 2015 ikatwaa Kombe la Asia. Kazakhstan ilihama Asia kwenda UEFA mwaka 2002. Israeli iliyofukuzwa na shirikisho la Asia mwaka 1974 ikawa mwanachama kamili wa UEFA mwaka 1994. Hakuna mlima wala mto uliosogea.

Inakata wapi. Panapokubaliwa kwenye meza. Moroko iliomba kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1987, ikakataliwa kwa kuwa si nchi ya Ulaya, ingawa kutoka Tangier unaiona Uhispania kwa macho. Kupro iko jirani na Uturuki na Syria, M49 inaiweka Asia ya Magharibi, na mwaka 2004 iliingia Umoja wa Ulaya bila kikwazo cha jiografia. Umoja wa Afrika nao, wenye nchi wanachama 55, umewatambua Waafrika walio ughaibuni kuwa kanda ya sita, kanda isiyo na ardhi hata hatua moja.

Visiwa. Mfano mkali uko jirani yetu. Mayotte, au Maore, ni kisiwa cha Komoro kwa jiografia, na M49 inakiweka Afrika ya Mashariki. Mwaka 2011 kilifanywa mkoa kamili wa Ufaransa, na tangu 2014 ni sehemu ya Umoja wa Ulaya. Anayevuka kwa mtumbwi kutoka Anjouan, kisiwa kingine cha Komoro, anasafiri kutoka Afrika kwenda Afrika, na pia anaingia Ulaya, na serikali ya Ufaransa hulichukulia hilo la pili kwa uzito mno.

Inamfaa nani. Mwandishi wa ripoti, mtafiti, mratibu wa miradi, mtangazaji wa michezo. Inamwangusha anayedhani ni jiografia.

## Kulingana na kazi uliyo nayo

Ukiwa na mtihani wa shule hapa kwetu, andika saba na usonge mbele. Chumba cha mtihani si mahali pa kumtetea Strahlenberg wala kumpinga. Ukiwa mwalimu na kipindi kina nafasi, fundisha saba kwanza, kisha waonyeshe wanafunzi orodha mbili za Warusi. Darasa litaelewa jambo zima kwa dakika kumi.

Ukitafsiri, fuata hesabu ya mwandishi na weka maelezo mafupi pale tu msomaji wako atakapokwama. Ukiandika habari za Olimpiki sema mabara matano. Ukiandika za AFCON ya 2027 ya Kenya, Uganda na Tanzania, mpaka wako ni uanachama wa CAF, hata kama mchezaji amezaliwa Sinai.

Ukiandika ripoti yenye takwimu za nchi, tumia M49 na uitaje kwa jina mwanzoni. Usiibadilishe nusu njia kwa sababu nchi moja imekaa vibaya. Nimeona majedwali ambamo Uturuki ni Ulaya ukurasa wa pili na Asia ukurasa wa saba, na hapo hakuna jumla inayokubali.

Ukipanga safari ya vilele saba, amua kabla ya kulipa: orodha ya Bass ni nafuu zaidi kwa mfuko na kwa magoti, ya Messner ni ngumu zaidi na inahitaji ujuzi wa kamba.

Ukijenga programu, usitunze "bara" kama ukweli wa asili wa nchi. Tunza nchi, kisha weka jedwali la pembeni linalosema nchi ipi iko kanda ipi kwa mfumo upi, ili mteja wa michezo na mteja wa takwimu wote wahudumiwe. Usitegemee majina ya kanda za saa (time zones) za kompyuta yakuamulie: Nairobi iko chini ya Africa, Komoro na Mayotte ziko chini ya Indian, na Nicosia ina jina la Asia na jingine la Europe kwa saa ile ile. Na kama unatumia misimbo ya herufi mbili, angalia NA. Kwa nchi ni Namibia, kwa mabara mara nyingi ni Amerika ya Kaskazini, na programu nyingi za kuchambua majedwali huisoma NA kuwa nafasi tupu, hivyo Windhoek na New York hutoweka pamoja bila onyo.

Ukiandaa chemsha bongo, liache swali la "mabara ni mangapi duniani", maana meza tatu zitadai pointi na zote zitakuwa na haki. Uliza ni nchi gani iliyotwaa Kombe la Asia mwaka 2015 baada ya kuhama kutoka Oshania.